Bahari ya mbali na maji ya Ziwa Tanganyika: juu ya nini mvua hazifanani mwaka na mwaka



Somo la mara hii linajibu ulizo ambalo watu wa Uvira, Fizi, Kalemie na Moba wanaliuliza tangu mwaka 2020: juu ya nini ziwa limepanda na kukula mashamba yetu? Wengine wanasema mto Lukuga umejaa mchanga na matope. Wengine wanasema ni miti iliyokatwa milimani. Yote mawili yana ukweli ndani, na tutayagusa. Lakini maji yaliyojaza ziwa yalianguka kwanza kama mvua, na ile mvua iliongezwa nguvu na kitu kilicho mbali sana na sisi: joto la bahari. Mkulima akielewa vile bahari na upepo vinavyoshikana, ataelewa pia juu ya nini ziwa linarudi nyuma miaka mingi, watu wanalima na kujenga kwenye udongo lililouacha, kisha siku moja linakuja kudai mahali pake.

Tuanzie nyumbani, kwa maana ziwa letu lenyewe linafanya kidogo kile ambacho bahari inafanya kwa ukubwa.

Wakati wa kipwa, tangu mwezi wa tano mpaka mwezi wa nane, upepo wa kusini unavuma juu ya ziwa bila kuchoka. Unasukuma maji ya juu, yale yaliyopata joto la jua, kuyapeleka upande wa kaskazini, upande wa Uvira na Bujumbura. Huku kusini, upande wa Mpulungu kule Zambia, maji ya juu yakiondoka, maji baridi ya chini yanapanda kuchukua nafasi yao. Maji hayo ya chini yana chakula kingi cha samaki, na ndagala wanakifuata. Mwezi wa tisa upepo ukilegea, maji ya joto yaliyorundikwa kaskazini hayawezi kubaki pale. Yanarudi kusini polepole, kisha tena kaskazini, kama maji katika beseni ambalo mama amelibeba kichwani na ametikisika kidogo. Macho hayaoni mtikiso huo, sababu unafanyika chini ya maji, lakini nyavu za wavuvi zinausikia.

Mshike mambo mawili hapo. La kwanza: upepo unahamisha joto la maji. La pili: joto likihama, kila kinacholitegemea kinahama pamoja nalo, hata kama kiko mbali.

Pasifiki na El Niño

Sasa tuchukue ziwa hilo tulifanye kubwa mpaka liwe na upana wa nusu ya dunia. Hiyo ni bahari ya Pasifiki. Katika mwaka wa kawaida upepo unavuma kutoka Amerika ya Kusini kwenda Indonesia, na unasukuma maji ya joto upande ule. Unayasukuma sana hata maji ya bahari upande wa Indonesia yanakaa juu, karibu nusu mita kupita upande wa Peru. Na kule Peru, sawa na kusini mwa ziwa letu, maji baridi yanapanda kutoka chini, na samaki wanakuwa wengi.

Maji ya joto yanatoa mvuke. Mvuke unapanda, unakuwa mawingu, mvua inanyesha. Hewa ikipanda mahali pamoja, hewa ingine inakimbia kujaza nafasi yake, na huo ndio upepo. Kwa hiyo upepo unasukuma joto la maji, na joto la maji linauvuta upepo uleule uendelee. Ni kama watu wawili wanaokata ubao kwa msumeno mrefu: mmoja akivuta, mwenzake anasukuma. Ukiuliza nani ameanza, hutapata jibu.

Halafu kuna mwaka ambao mmoja analegeza mkono. Upepo unapungua, maji ya joto yanateremka kurudi upande wa Peru, mawingu yanayafuata, na upepo unazidi kupungua kwa sababu kile kilichokuwa kinauvuta kimehama. Wavuvi wa Peru waliona maji ya joto yakifika karibu na Noeli, wakayaita El Niño, maana yake Mtoto Yesu. Jambo hilo linarudi kila baada ya miaka 2 mpaka 7, bila kalenda ya kudumu. Mara nyingi linadumu mwaka mmoja au karibu. Upepo ukizidi nguvu kuliko kawaida, mambo yanakuwa kinyume, na hapo tunasema La Niña. Hiyo La Niña saa ingine inakaa sana: moja ilianza 2020, ikamalizika mwanzo wa 2023.

Watu hawakulielewa hili kwa siku moja. Mwingereza Gilbert Walker alipewa uongozi wa meteo ya India mwaka 1904, miaka michache baada ya mvua kukosekana kule na njaa kuua watu wengi mno. Alitafuta njia ya kujua mvua mapema. Akagundua kwamba uzito wa hewa ukipanda upande wa Pasifiki unashuka upande wa Bahari ya Hindi, kama mizani ya sokoni, lakini hakuweza kusema ni nini kinachoisukuma mizani ile. Ni mtaalamu mwingine, Jacob Bjerknes wa Norwe, ambaye mwaka 1969 alionyesha kwamba mizani ya hewa na joto la bahari ni kitu kimoja. Angalieni basi: elimu hii ilianza kwa sababu ya wakulima waliokosa mvua.

Bahari ya Hindi, jirani yetu zaidi

Pasifiki iko mbali. Bahari inayotugusa zaidi sisi wa mashariki ya Kongo ni ya Hindi, ile inayopiga Dar es Salaam na Mombasa. Nayo ina mizani yake. Kwa kawaida maji ya joto zaidi yako upande wa Sumatra, kule Indonesia. Lakini miaka fulani upepo wa Sumatra unageuka na kuzidi nguvu, maji baridi yanapanda kule, na joto linarundikana upande huu wa Afrika. Hapo mawingu mazito yanajengeka karibu na pwani ya Tanzania, Kenya na Somalia, na hewa yenye mvuke inafika mpaka kwenye maziwa yetu makubwa. Wataalamu wanaita hali hiyo dipoli chanya ya Bahari ya Hindi. Jina ni gumu. Katika vikundi semeni tu «mizani ya Bahari ya Hindi imelalia kwetu», mtaelewana.

Mizani hiyo inaanza kulala katikati ya mwaka, inafika kilele kati ya mwezi wa tisa na wa kumi na moja, na mara nyingi inajirekebisha Noeli ikikaribia. Hesabuni vizuri: ni msimu A wetu kabisa, tangu kupanda mpaka maharagi kuiva.

Mwaka 1961 mvua za ajabu zilinyesha Afrika ya Mashariki yote. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache, na Ziwa Tanganyika likafika juu kabisa mwaka 1964. Hata mto Kongo, kule Kinshasa, ulifika kiasi ambacho hakijasahaulika. Wataalamu walibaki na ulizo, kwa maana mwaka 1961 hapakuwa na El Niño. Ni mwaka 1999 tu, Saji na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Japani walipoieleza mizani ya Bahari ya Hindi, ndipo 1961 ikaeleweka: Pasifiki ilikuwa imetulia, lakini Bahari ya Hindi ilikuwa imelala upande wetu.

Kwa hiyo ukisikia redio inapiga kelele za El Niño, usikimbilie kununua matanga. Uliza kwanza: na Bahari ya Hindi je? Mwaka 1997 zote mbili zilikutana, na mafuriko yakawa makubwa. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa ya nguvu sana, lakini Bahari ya Hindi haikuifuata kwa nguvu ile, na mvua za mwisho wa mwaka hazikufika pale watu wengi walipoogopa. Mwaka 2019 Pasifiki haikuwa na neno kubwa, lakini mizani ya Hindi ililala kuliko miaka mingi iliyotangulia. Udongo ukajaa maji, mito ikajaa, na mvua za msimu B zilipokuja mwaka 2020 zilikuta kila kitu kimekwisha kushiba. Mwezi wa nne mwaka ule mto Mulongwe ulipita Uvira, ukaua watu na kubeba nyumba.

Mwisho wa 2023 zote mbili zilikutana tena. Mwezi wa kwanza 2024 mto Kongo kule Kinshasa ulikaribia kile kipimo cha 1961, na kufika mwezi wa tano Ziwa Tanganyika lilikuwa limekaribia lile la 1964. El Niño hiyohiyo iliyotujaza sisi maji iliwakausha jirani zetu wa kusini. Zambia ilitangaza hali ya hatari ya kitaifa mwezi wa pili 2024, mahindi yao yakiwa yamekauka mashambani. Ndugu zetu wa Haut-Katanga wanajua maana yake: Zambia ikikosa mahindi, bei ya unga inapanda Lubumbashi. Bahari moja, mwaka mmoja, na watu wa Kongo moja: huyu analia maji, yule analia ukame.

Juu ya nini bahari inakumbuka

Chukua sufuria ya maji na jiwe bapa, viweke juani asubuhi. Saa sita jiwe linachoma mkono, maji bado ni vuguvugu. Usiku jiwe limepoa zamani, maji bado yanashika joto. Maji hayana haraka. Mita tatu hivi za juu za bahari peke yake zinabeba joto sawa na hewa yote iliyo juu ya dunia. Kwa hiyo hewa inasahau ya jana, lakini bahari inatunza miezi, na sehemu za chini zinatunza miaka. Pasifiki ina mwendo mwingine wa polepole, wa miaka 20 au 30, ambamo El Niño au La Niña zinapata nguvu zaidi. Ndiyo maana kizazi kimoja kinaweza kukua kikiamini kwamba mvua «za kawaida» ni hivi, na watoto wao wakakuta nyingine.

Ziwa nalo lina kumbukumbu yake. Maji mengi yanayotoka Tanganyika hayapiti Lukuga. Yanapanda angani kama mvuke. Mlango wa Lukuga ni mwembamba. Ziwa likipokea mvua za ziada miaka miwili au mitatu, haliwezi kuzitoa haraka, linabaki limevimba. Stanley alipopita mwaka 1876 alikuta mlango wa Lukuga karibu umezibwa na matope na majani, na ziwa lilikuwa mita kadhaa juu kuliko leo. Muda mfupi nyuma yake maji yalivunja ule ukuta. Hore, Mwingereza wa misheni, aliona mwaka 1879 mto ukikimbia kwa nguvu, na ziwa likashuka. Kwa hiyo wanaosema Lukuga ina sehemu yake hawakosei. Wanaosema miti hawakosei pia: mlima usio na miti unateremsha maji yote kwa saa moja pamoja na mawe, na ndiyo Uvira iliyoyaona. Bahari inaleta mvua. Kama ile mvua itakuwa chakula au msiba, hapo mikono yetu imo.

Na juu ya yote hayo bahari zote zinapata joto. Zaidi ya sehemu 90 kwa 100 ya joto la ziada ambalo moshi wa viwanda na magari unabakiza duniani limeingia baharini. Hewa ikiongezeka digrii moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa 7 kwa 100 hivi. Mizani ni ileile ya zamani, lakini mzigo umezidi.

Meteo inasema nini, na haisemi nini

Kwa kuwa bahari ni nzito na polepole, wataalamu wakiipima mwezi wa saba na wa nane wanaweza kusema kitu juu ya mvua za mwezi wa kumi. Karibu na mwisho wa mwezi wa nane wataalamu wa nchi za Afrika ya Mashariki, na pia wale wa SADC ambayo Kongo ni memba wake, wanatoa matangazo ya msimu. Kwetu mwenye kazi hiyo ni METTELSAT. Sisi wa kando ya ziwa tusikilize pia matangazo ya Burundi na Tanzania, sababu mawingu hayaulizi laissez-passer.

Tangazo halisemi «mvua itakuwa nyingi». Linasema, kwa mfano: nyingi 50, ya kawaida 30, kidogo 20. Fanyeni jaribio hili katika mkutano. Tieni katika kikapu maharagi mekundu 5, meupe 3 na meusi 2. Mmoja afumbe macho achomoe moja. Mkirudia mara nyingi, nyekundu itatoka kuliko ingine yoyote, lakini nyeusi nayo itatoka. Ikitoka nyeusi, meteo haikudanganya. Kwa hiyo msicheze mbegu zote kwa rangi moja.

Neno moja ambalo matangazo mengi hayalisemi wazi: nguvu ya elimu hii iko katika msimu A. Mvua za mwezi wa tatu mpaka wa tano hazifuati bahari kwa uaminifu uleule. Mtu akija mwezi wa pili na kuwahakikishia mvua za msimu B kwa sababu ya El Niño, mpeni kiti, mpeni chai, lakini msimpe sanduku la AVEC.

Shambani

Mizani ikilalia kwetu, maharagi yaende juu, kwenye miinuko na matuta, na mifereji isafishwe kabla ya mvua. Maharagi kwenye udongo uliolowa yanaoza mizizi, muhogo vilevile unaoza chini kabla ya kukomaa. Bondeni Ruzizi, mpunga ndio unaofurahi, lakini mifereji isiyosafishwa itaupeleka mpunga huo ziwani. Taabu ambayo watu wanaisahau ni ya kukausha. Mahindi na karanga za msimu A zinavunwa mvua bado inanyesha, na kuvu inayoota juu yake ina sumu inayoharibu maini, hata ukiosha na kupika. Koperative ifikirie turubai mapema kuliko mbolea. Kujua kama mahindi yamekauka, chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikishikamana na ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji, yasiingie ghalani.

Mizani ikilalia upande wa Sumatra, mvua za msimu A zinaweza kuchelewa au kukatika mapema. Hapo msipande mbegu yote kwa mvua ya kwanza, bakizeni sehemu. Tafuteni mbegu zinazoiva haraka, na muhogo uongezwe kwa sababu unajua kungoja.

Tumalizie na udongo wa kando ya ziwa, kwa maana ndipo familia nyingi zimepoteza. Tangu 1964 ziwa lilishuka muda mrefu. Watu waliozaliwa wakati huo waliona nchi kavu, wakapanda michikichi, wakajenga nyumba, hata maghala. Ziwa likianza kushuka tena, na siku moja litashuka, ile nchi itaonekana, yenye rutuba, bila mwenyewe. Limeni, lakini limeni vitu vya miezi mitatu au minne: mboga, mahindi, viazi vitamu. Mti wa miaka 20 usiuweke pale, wala ghala la koperative, wala deni la benki linalotegemea shamba lile.

Na kabla ya mkutano unaokuja, kila kikundi kitafute mzee au bibi aliyekuwa mtoto mkubwa mwaka 1964, akatembee na vijana kuwaonyesha maji yalipofika: mti gani, jiwe gani, ukuta gani wa misheni. Vijana wapige alama kwa rangi. Prezidenti wa koperative aandike mahali hapo katika kitabu cha mikutano, na aandike pia alama ya mwezi wa tano 2024, wakati kila mtu bado anaikumbuka.